Mtu wa Tatu Katika Jina Letu

Juzi binti yangu alinijia jikoni akiwa amevimba mashavu. Simu ilikuwa imemtoa kwenye mchezo anaoupenda, ikamwandikia kwamba akaunti yake inatumika mahali pengine. "Mama, kuna mtu ameingia kwa jina langu," akasema, "na ninamjua." Akamtaja binamu yake aliyelala kwetu wiki iliyopita. Ushahidi hakuwa nao. Alikuwa na yale macho tu, macho yaliyofinywa kidogo, ya mtu aliyekwisha kuhukumu na sasa anatafuta sababu. Nikaendelea kukatakata sukuma wiki, lakini kisu kilipunguza mwendo. Puani mwangu ilikuwa imeingia harufu ya udi, na ya vitambaa vipya, na ya vumbi linaloungua polepole nyuma ya kioo cha mashine. Harufu hiyo haina njia ya kufika nyumbani kwangu. Ni ya chumba kimoja cha nyuma ya duka, mjini Nyamira, nilipokuwa darasa la pili.

Tuliishi Sironga, kwenye mteremko wa chai unaoshuka hadi kijitoni. Nitawaita wazazi wangu mama na baba, kama Kiswahili kinavyotaka, ingawa nyumbani hatukuwaita hivyo. Baba alikuwa karani katika ofisi moja mjini. Kila asubuhi alivaa koti la kijivu na kofia yenye ukingo, akapita kati ya michai akiinua suruali isilowe umande, na majirani waliokuwa tayari na vikapu mgongoni walimwamkia kwa heshima. Mama alikuwa mtu wa Sabato kwelikweli. Alilima chai maisha yake yote na hakuwahi kuonja kikombe kimoja, kwa kuwa kanisani walifundishwa hivyo. Mimi nilikuwa Kerubo wake mdogo, na kaka yangu Ombati, aliyekuwa darasa la sita, ndiye aliyejua kila kitu duniani.

Ombati ndiye aliyekigundua chumba. Duka lilikuwa la Wahindi, la vitambaa na sare za shule, na mwenyewe tulimwita Mama Nilesh. Mumewe alikuwa amefariki kabla sijazaliwa. Mwanawe, Nilesh, alikuwa kijana aliyesomea mambo ya kompyuta Kisumu, akarudi na mashine moja kubwa ya rangi ya maziwa, akaiweka chumba cha nyuma kati ya majora ya vitambaa. Katikati ya wiki Nilesh alikuwa njiani, Kisii na kwingineko, akitafuta bidhaa, na mama yake akibaki dukani. Jumapili kijana alikuwepo, na Jumapili hiyo ndiyo ilikuwa yetu. Tulichuma chai asubuhi, tukaoga miguu kwenye kijito, tukabeba ndizi mbivu kwenye kikapu. Mama Nilesh alizipenda ndizi za shamba letu, na kwa ndizi hizo tuliruhusiwa kukaa mbele ya mashine.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa mtu mdogo mwenye kofia, anayeshuka mapangoni akitafuta taa. Alitembea polepole, amepinda mgongo kidogo, nasi tukamwita Omogaka, yaani mzee. Lakini kabla ya kumwona Omogaka ilibidi kupita mlangoni. Nilesh aliutengeneza mlango huo mwenyewe na alijivunia kuliko mchezo. Mashine ilikuuliza jina, halafu neno la siri. Ukikosea, ilitoa mlio mbaya kama wa mbuzi aliyebanwa, na watoto waliongoja nyuma yako wakacheka. Ukipatia, Omogaka alitokea palepale ulipomwacha wiki iliyopita, akikungoja.

"Mashine hii inaweka majina machache tu," Nilesh alituambia siku ya kwanza. "Kwa hiyo jina moja, watu wawili. Hakuna wa tatu. Ukimpa mtu mwingine neno lako, nafuta jina. Sitauliza mara mbili."

Hatukudhani anatania. Mwezi huohuo alilifuta jina la mvulana mmoja wa sokoni aliyewaazima rafiki zake neno, na mvulana yule alitoka nje akilia, mkubwa mzima. Baada ya hapo chumba kile kikabadilika. Watoto waliandika neno lao huku wamefunika vidole kwa kiganja, kama mtu anayelinda kiberiti kwenye upepo. Ukisogea karibu uliulizwa unatazama nini. Sisi neno letu tulilichagua katikati ya chai, Ombati akininong'oneza sikioni, kisha akanitaka niape kwa Biblia ya mama. Niliapa.

Tulikuwa tumekwama kwenye mto. Ndani ya mapango mlikuwa na mto mweusi, na kila Omogaka alipotia mguu alizama, kofia ikabaki inaelea. Jumapili baada ya Jumapili tulimzamisha. Tulimkimbiza, tukamrusha, tukajaribu kumpitisha kando. Njiani kurudi nyumbani tulibishana juu ya mto ule, na mezani tulibishana tena mpaka mama akatunyamazisha. Alisema kitu kinachowaka bila moto ni cha shetani, na kwamba anatuvumilia tu kwa sababu baba ametukubalia.

Halafu Jumapili moja Ombati aliandika jina, akaandika neno, na Omogaka akatokea ng'ambo ya mto.

Tulimsogelea hadi pua zikakaribia kugusa kioo. Alikuwa amesimama pakavu, na taa mkononi, taa ambayo hatukuwahi kuiona. Mimi nilifurahi kwa muda wa pumzi moja. Kisha Ombati akageuza shingo taratibu, akanitazama, na furaha ikaniganda.

"Umempa nani?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Sijampa mtu."

"Umempa Moraa."

Moraa alikuwa rafiki yangu wa dawati moja, na kwao palikuwa hatua chache kutoka duka lile. Nikasema sikumpa. Akasema kama si mimi ni nani, maana yeye hakumwambia mtu na neno haliwezi kutembea lenyewe. Nilipofungua mdomo kujitetea nikahisi uso unanichoma, na kwa Ombati uso unaochoma ulikuwa kiapo kilichovunjwa.

Tangu siku ile nyumba yetu ilikuwa na kitu ndani yake. Ombati alichuma chai mstari wa mbali nami. Nilipokwenda kuteka maji alinifuata kwa macho aone kama nitakutana na Moraa. Mimi nami nilianza kumtilia shaka. Huenda anatoroka shule, nikawaza, anakwenda kucheza peke yake, kisha ananisingizia ili jina libaki lake. Nikamchunguza vidole kama vina wino wa shule. Nikamnusa shati kama lina harufu ya udi. Hata Moraa nikamtazama kwa pembe ya jicho, yule Moraa aliyenigawia mahindi yake ya kuchoma, nikajiuliza kwa nini siku hizi ananigawia vipande vikubwa. Usiombe ukawa mtoto mwenye shaka. Mtu mzima akishuku, ana kazi zake zinazomwondolea mawazo. Mtoto hana kazi nyingine.

Wiki zilizofuata Omogaka aliendelea kutembea bila sisi. Kila Jumapili tulimkuta mbele zaidi, na taa zaidi, kama mtu anayeishi maisha yake ya pili. Haikuwa kama kuibiwa. Mwizi angetuharibia. Huyu alitutengenezea, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Bibi mmoja wa jirani alituambia zamani kuhusu warogi wanaoweza kukalia kiti chako na kula kwa mkono wako, nami nikaanza kuamini kwamba kuna mtu anayekuwa mimi siku ambazo mimi sipo.

Nilesh naye akagundua. Mashine yake ilikuwa inaonyesha ni lini jina lilifunguliwa mwisho, jambo ambalo hakuna mtoto aliyelijua. Jumapili hiyo alituita mbele ya wote.

"Jina lenu lilifunguliwa Jumatano," akasema. "Jumatano mko shule. Ni nani huyo?"

Ombati akaninyooshea kidole. Chumba kizima kikanigeukia.

"Nawapa Jumapili mbili mniletee jibu," Nilesh akasema. "La sivyo nalifuta."

Nilitoka nje hadi dukani, nikajificha nyuma ya sare zilizoning'inia, nikalia kwa kitambaa cha sketi ya mtu mwingine. Mama Nilesh akanikuta. Alikuwa mwanamke mnene mpole, mwenye mvi zilizofungwa kisogoni, na Kiswahili chake kilikuwa cha dukani kama kilivyokuwa changu cha darasani, kila mmoja akikanyaga kwa tahadhari. Aliinama, akanifuta machozi kwa ncha ya sari yake, akatazama mlango wa chumba cha nyuma kama kuna wanaosikiliza.

"Usilie, mtoto. Si mwizi," akaninong'oneza. "Ni baba tu. Baba yako anakuja, anakaa kidogo, anacheza. Lakini usimwambie Nilesh. Nimeahidi kunyamaza."

Hapa ndipo penye kosa lililotugharimu siku kumi. Katika Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani, mama mzazi ndiye huitwa baba. Baba mzazi ni tata. Darasa la pili tulikuwa bado tunafundishwa kwa Ekegusii, Kiswahili kikiwa wimbo tunaouimba asubuhi bila kujali maana, na mtu akisema "baba" moyo wangu ulimwona mtu mmoja tu: mama yangu, na kitambaa chake kichwani, na kikapu cha chai mgongoni.

Nilimkimbilia Ombati njiani. Nilimwambia kwa lugha yetu, kwa hiyo hata yeye aliyejua Kiswahili hakupata nafasi ya kunisahihisha. "Ni baba," nikahema. "Mama Nilesh amesema ni baba ndiye anayecheza."

Ombati akasimama katikati ya njia. Alinitazama aone kama nadanganya, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi akaniamini, kwa sababu hakuna mtoto angeweza kubuni uongo wa aina hiyo. Mama! Mama wa kitu kinachowaka bila moto! Mama aliyefunga redio Ijumaa jua likizama!

Basi tukapatana, mimi na kaka yangu, na shaka yetu yote tukaielekeza kwa mama. Na ajabu ni kwamba ukimtazama mtu kwa shaka, hakosi kukupa sababu. Tuligundua kwamba siku hizi mama anakwenda mjini katikati ya wiki, naye si mtu wa kwenda mjini bila sababu. Alikwenda amevaa viatu vya kanisani na kurudi kikapu kitupu. Tulimkuta amesimama chumbani, ameshika koti la baba puani, amefumba macho. Aliposikia hatua zetu akalitundika haraka, akatuuliza kwa ukali tunatafuta nini. Usiku wa kuamkia Sabato sauti yake ya kuomba ilivuka ukuta, ikipanda na kushuka, na hakuwa ametaja jina la yeyote kati yetu.

"Anatubu," Ombati akaninong'oneza.

Jioni moja aliamua kumjaribu. Tulikuwa tumeketi tukila obokima, ugali wetu, kwa mboga ya chinsaga na samaki, baba upande wake akiwa kimya kama kawaida yake ya siku zile. Ombati akajikohoza.

"Omogaka amefika kwenye daraja la kamba," akasema, huku amemkazia mama macho. "Sijui ni nani aliyemfikisha."

Mama alikuwa anaondoa mwiba mdogo wa samaki kwenye sahani yangu. Hakushtuka. Aliyeshtuka alikuwa baba. Tonge lilimpita vibaya, akakohoa mpaka macho yakamtoka maji, akanyoosha mkono akitafuta kikombe. Tulimpigapiga mgongoni, tukampa maji, na hata hapo hatukumwondolea mama macho. Mama naye, nakumbuka sasa, hakuwa anatutazama sisi. Alikuwa anamtazama baba, na alimtazama muda mrefu baada ya kikohozi kuisha.

Jumatano ya wiki ya pili walimu walikuwa na mkutano, tukaachiliwa mapema. Ombati alitakiwa kubaki akachote mchanga pamoja na wavulana wakubwa. Nilipofika kwenye njia panda nikamwona mama mbele yangu, kwa viatu vya kanisani na mwavuli mweusi, anaelekea mjini. Nikamfuata. Niliacha nafasi kati yetu, nikijificha nyuma ya migomba na nyuma ya watu, ingawa yeye hakugeuka hata mara moja. Alitembea kama mtu anayekwenda kupokea habari za msiba.

Alipofika mjini hakuingia dukani kwa Mama Nilesh. Alisimama ng'ambo, kwenye baraza la mafundi cherehani, mwavuli umefunguliwa ingawa mvua ilikuwa imekatika. Fundi mmoja alimkaribisha kiti, mama akatikisa kichwa. Mimi nilikuwa nyuma ya magunia ya mahindi kwenye mlango wa kinu cha unga, nikijiambia kwamba sasa nitamkamata. Nilimwona anafunga mwavuli, akaukunja vizuri kabisa, kamba yake akaibana. Kisha akavuka barabara.

Nilimfuata hadi ndani. Mama Nilesh alikuwa anapima kitambaa kwenye meza, akainua uso, na tabasamu lililoanza likaishia katikati.

"Yuko wapi?" mama akauliza.

"Mama Ombati, karibu, keti..."

"Sikuja kuketi. Nimeambiwa na dada wa kanisani kwamba mume wangu anaingia kwa mlango wako wa nyuma. Nilimkatalia. Nikaja mwenyewe nikasimama pale, nikamwona akitoka, na wiki iliyofuata nikamwona tena. Leo nataka kumwona akiwa ndani."

Mama Nilesh aliweka mkasi chini. Alimtazama mama, akanitazama mimi niliyekuwa mlangoni, kisha akainua mkono wenye bangili, akaonyesha pazia.

Mama alilivuta kwa nguvu hata pete moja ya pazia ikakatika. Nikapenya chini ya kwapa lake kabla hajanizuia, kwani hata wakati huo nilikuwa bado nangoja kuona mama akikaa mbele ya mashine.

Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda chetu. Koti la kijivu lilikuwa limetundikwa kwenye msumari, kofia juu yake. Mwanga wa mashine ulikuwa usoni mwake, na mbele yake Omogaka alikuwa amesimama kwenye daraja la kamba. Baba hakuruka, hakupiga kelele. Aliondoa mikono juu ya vitufe, akaiweka magotini, kama mtoto aliyeitwa jina darasani.

Mama alikuwa anatafuta mtu mwingine. Alitazama nyuma ya majora. Alitazama pembeni, chini ya meza, hadi dirishani. Mwishowe akamrudia baba.

"Uko na nani?"

"Niko peke yangu."

"Jumatano, saa za kazi?"

Baba akainua uso. Akaniona mimi, nikadhani ataniambia nitoke. Hakuniambia.

"Kazi iliisha," akasema. "Walitupunguza. Tangu mahindi hayajatoa mbelewele."

Mahindi yale tulikuwa tumeshayavuna.

"Na asubuhi zote hizo? Unavaa koti unakwenda wapi?"

"Mwanzoni nilikwenda kutafuta. Nilifika Kisii, nikafika mpaka Kenyenya. Kila ofisi inaniambia nirudi wiki ijayo. Halafu nikachoka kuulizwa. Mtu akisimama mjini bila kazi kila anayepita anamwuliza habari ya ofisini. Mama huyu aliniona nimejikinga mvua barazani, akaniambia niingie. Hapa hakuna anayeuliza." Akaigeukia mashine kidogo. "Nikaikuta hii. Watoto walikuwa wanalia mezani kila siku kuhusu mto. Nikasema angalau niwavushe mto."

"Tata," nikasema, "ulijuaje neno letu?"

"Nilijaribu jina la ng'ombe," akasema. "Likakataa. Nikajaribu majina yenu, likakataa. Siku nyingine nikajiuliza, watoto wangu wanajivunia nini? Nikaandika karani."

Hilo ndilo lilikuwa neno letu. Ombati alilichagua akisema hakuna mtoto mwingine pale chumbani ambaye baba yake ni karani, kwa hiyo hakuna atakayelidhani.

Mama aliketi. Hakukuwa na kiti, aliketi juu ya jora la kitambaa cha sare, akashika kichwa kwa mikono miwili. Niliwaza atalia, lakini alicheka, kicheko kimoja kikavu kilichokuwa kibaya kuliko kilio.

"Nimefunga," akasema. "Nimefunga na kuomba, Mungu aniondolee mwanamke ambaye hayupo. Nimemwombea mambo ambayo siwezi kuyataja mbele ya mtoto. Na wewe unashika taa na mtu wa kwenye kioo." Akainua uso. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenitazama jinsi unavyonitazama sasa."

"Nimekutazama hivi miezi yote hii! Ulidhani umeepuka nini?"

Mama Nilesh aliingia wakati huo na kikombe kinachofuka moshi. Alikuwa amesikia kila kitu, na mashavu yake yalikuwa mekundu, maana aliyekuwa akiombewa mabaya ni yeye. Nilimwona akijikaza. Alimwinamia mama akampa kikombe kwa mikono miwili.

"Ni maziwa tu," akasema. "Hakuna majani ya chai. Nawajua nyinyi wa Sabato."

Mama alikitazama kikombe kile muda mrefu. Kisha akakipokea, naye kwa mikono miwili, akasema kitu kwa sauti ndogo ambacho Mama Nilesh alikijibu kwa kumgusa bega. Nadhani aliomba msamaha. Sikusikia, na hakuna kati yao aliyewahi kuniambia.

Jumapili baba alikwenda nasi mjini. Ombati alikuwa ameambiwa yote jioni ile, na tangu hapo hakuwa amenena nami, ila safari hii kwa aibu, si kwa shaka. Chumba kilijaa watoto. Nilesh alikuwa ameketi mbele ya mashine, anatungojea jibu, naye hakujua lolote kwani mama yake alitimiza ahadi yake mpaka mwisho. Baba alivua kofia. Mtu mzima, mbele ya kijana ambaye ndevu zilikuwa hazijamshika, na mbele ya watoto wa wenzake.

"Umesema kuna mtu wa tatu katika jina la watoto wangu," akasema. "Ni mimi. Binti huyu hakumwambia mtu. Nililikisia neno mwenyewe, nikaingia bila ruhusa yao. Ombati, unasikia? Kerubo hakumwambia mtu."

"Nimesikia, tata," Ombati akajibu, akitazama vidole vyake vya miguu.

Nilesh alijikuna shingo. Alimtazama mama yake aliyesimama kwenye pazia, akatutazama sisi. "Mzee," akasema, na sauti yake ilikuwa imelegea, "shida ni kwamba niliwafutia wengine. Wako hapa."

Walikuwepo kweli. Mvulana wa sokoni alikuwa amesimama karibu na mlango, mikono mfukoni, anangoja kuona.

"Basi fanya ulivyowafanyia," baba akasema.

Nilesh akabonyeza. Omogaka, taa zake, daraja la kamba, vyote vikatoweka, na kioo kikabaki cheusi na alama ndogo inayopepesa. Hakuna aliyecheka. Njiani kurudi Ombati alinibebea kikapu bila kuombwa, na tulipofika kijitoni alinipa nioge miguu wa kwanza. Huo ndio msamaha aliojua kuomba.

Jumatatu ilikuwa siku ya kuchuma. Baba alitoka nje kwa buti za mpira za mama, zikimbana, na shati kuukuu. Njiani walikuwepo majirani walewale na vikapu vyao. Mzee mmoja, shemasi kanisani, akasimama.

"Ndugu, leo huendi kazini?"

Nilimwona mama akiinua kichwa. Angeweza kumjibia. Hakumjibia.

"Nilifutwa kazi, ndugu," baba akasema. "Ni muda sasa. Sikuwa nimesema."

Majirani wakatazamana, kama watu wanaorudi nyuma kuhesabu asubuhi zote walizomwamkia. Kisha shemasi akahamisha kikapu bega. "Basi mstari wa chini umekomaa," akasema, "anza huko," akaenda zake.

Baba hakujua kuchuma. Alivuta majani magumu pamoja na laini, akavunja hata vijiti. Mama alimfuata nyuma, akachomoa kikapuni mwake kila jani lisilofaa na kulitupa. Baada ya muda akasema, "Majani mawili na chipukizi," na baba akarudia, "Majani mawili na chipukizi," kama anayejifunza sala. Michai ya mstari ule wa chini ilikuwa mirefu. Kila baba alipoinama, kichwa chake kilipotea, na kila kilipopotea mama aliacha kuchuma, akasimama wima, mikono imejaa majani, akakodoa macho pale alipokuwa, mpaka kichwa kikatokea tena.